Waya ya Kumi na Tatu

Kila Jumamosi, duka likikaribia kufungwa saa saba, naenda kununua maua yaliyobaki. Si maua ya kujivunia. Yanatoka upande wa Nairobi kwa treni, ndani ya maboksi, yamezungushiwa magazeti yaliyoloweshwa, na yakifika hapa Voi joto limeshayala kingo. Yale mazuri yanaingia kwenye mashada ya mazishi, maana hiyo ndiyo kazi ya duka lile. Yaliyovunjika shingo, na ya shada ambalo wenyewe hawakuja kulichukua, hayo ndiyo yangu. Nayaleta nyumbani, nayatoa waya, nayapanga kwenye bakuli mezani mbele ya shangazi yangu, ambaye upande wake wa kushoto ulikufa alipopata kiharusi na sasa hana pa kugeuzia uso.

Majirani wanasema ni roho nzuri. "Angalia vile anamrembeshea mgonjwa nyumba." Nawaacha waseme. Lakini si roho nzuri, na leo nitaeleza ni nini. Majina sitayataja, kwa sababu na watoto wao bado tunasalimiana njiani. Lakini aliyefanya nitamsema, na aliyeona akanyamaza nitamsema, na aliyeogopa pia.

Nilizaliwa Ronge. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na dada yake, huyu shangazi, akapanda mlimani akamwambia mama, "Nipe huyu msichana nikamsomeshe Voi. Huku atachunga mbuzi tu." Mama akanifungia nguo mbili kwenye kitambaa. Nikashuka. Shule ya Voi niliiona nikipita njiani, nimebeba ndoo.

Shangazi alikuwa ameolewa na karani wa reli, na waliishi nyumba za reli karibu na stesheni. Alikuwa anauzia abiria mahamri, mayai ya kuchemsha na chai. Biashara ilikuwa yake, mikono ilikuwa yangu. Nilikanda unga kabla jogoo hajawika, nikasukuma, nikakaanga, nikabeba karai kichwani mpaka stesheni, na treni ikisimama nikapita chini ya madirisha nikiita. Nikirudi, kuna watoto wa kuoshwa. Yule wa mwisho wa shangazi, msichana, nilimbeba mgongoni mpaka akawa mzito kuliko karai. Watu walimsifu shangazi kwa mahamri yake yaliyofura. Alikuwa anaitikia, "Asanteni, ni mkono tu."

Nilipofika miaka ishirini na kitu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, akaja kijana mmoja wa Mbololo, fundi wa taa za reli. Kila siku alikuwa ananunua mawili. Baadaye manne.

"Dada, haya mahamri mnatia nini? Nikila moja nasahau hata ngazi nimeiacha wapi."

"Yana hewa ndani. Lipa uende ukatafute ngazi."

"Na nikitaka kujua hewa yenyewe inatoka wapi?"

"Muulize shangazi yangu. Ndiye mwenye mkono."

Nilisema kwa mzaha, lakini yeye alienda kweli. Alimtuma mjomba wake awe mshenga, na shangazi akampokea vizuri, akampa kiti chenye mto. Wakapanga kwamba Jumapili fulani baada ya kanisa watu wa kwao watashuka kuja kuniangalia na kufungua maneno. Kwetu milimani siku hiyo ina sheria moja, hata kwa sisi watu wa kanisa: wageni wa posa wakila chakula cha nyumba, maneno yamefunguka. Wakiondoka bila kula, hayakusemwa, na hakuna mtu wa kuyarudia.

Kwa hiyo nilijua ni nini kiko mezani siku ile. Wakila, natoka kwenye nyumba ile. Wasipokula, nabaki na karai.

Wiki nzima nilisugua sakafu. Nikafua vitambaa vya viti, nikavipiga pasi ya makaa. Ijumaa shangazi akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Meza iko tupu," akasema.

"Nitaweka vikombe, shangazi."

"Vikombe! Kwa mke wa stesheni masta hujaona? Ana maua mezani, ya kununua. Watu hawa wakikuta meza tupu watasema nimekulea kama mtumishi. Kesho nenda duka la mashada uchukue maua."

"Ya mashada, shangazi? Kwa posa?"

"Ua ni ua. Kwani limeandikwa jina la marehemu? Unatoa waya, unapanga, nani atajua?"

Duka lingine la maua Voi halikuwepo. Bogenvilia za kwenye ua wa nyumba zilikuwa zimekauka kwa jua la mwaka ule. Na mimi, nisiseme uongo, nilitaka maua hayo. Nilikuwa nimeyaona kwa mke wa stesheni masta nikimpelekea mayai, na nilitaka mara moja katika maisha yangu mtu aingie chumbani akute kitu ambacho hakina kazi nyingine ila kupendeza.

Mama wa duka alikuwa mshonaji. Nguo za shule upande huu, mashada upande ule. Alikuwa na shada dogo ambalo wenye msiba waliliagiza kisha wakachukua la karatasi kwa sababu linadumu. Maua yake yalikuwa meupe, yenye marinda mengi kama sketi ya mtoto wa Krismasi. Kumi na matatu. Akaniuzia kwa bei ya kutupa, lakini kwa sharti.

"Waya unirudishie. Zote kumi na tatu. Waya hizi zinaagizwa mbali, na maiti hawanisubiri."

"Nitazirudisha, mama."

"Na unapeleka wapi?"

Nikamwambia. Akaacha mkasi.

"Mwanangu, kwa posa? Si ungeweka hata majani ya mwarobaini?"

"Shangazi ndiye amenituma."

"Basi toa waya zote," akasema. "Wazee wanaijua waya hii. Wameiona mara nyingi kuliko wewe."

Lazima nieleze hiyo waya ili mnielewe. Mtu akitengeneza shada hukata kikonyo cha ua kikabaki kama kidole. Halafu anapenyeza waya nyembamba chini ya kichwa cha ua, anaivuta, anaizungusha kushuka chini, na juu yake anafunga utepe wa kijani. Ndiyo inayolifunga ua kwenye duara la majani. Ukiitoa, shingo inabaki na tundu na ua linataka kuinama. Kwa hiyo usiku ule niliyaweka kwenye ndoo yenye gunia bichi, na asubuhi, kabla ya kanisa, nikayatoa waya moja moja na kijisu cha kumenyea viazi. Vikonyo vilikuwa vifupi mno kwa jagi, nikachukua bakuli, nikajaza mchanga wa mtoni, nikaulowesha, nikayasimamisha humo. Yale yenye shingo dhaifu nikayaegemeza kwenye majani ya mpera. Lile zuri kuliko yote nikaliweka katikati, juu kidogo. Nikarudi nyuma nikatazama. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri vile, kabla wala baadaye.

Waya nilizitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Nilizihesabu mara mbili kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuzirudisha. Kumi na tatu. Mkebe nikauweka juu ya kabati, nikaenda jikoni nyuma ya nyumba kupika kuku na kimanga, muhogo na maharagwe ya kuponda. Waliobaki chumbani walikuwa shangazi, na mumewe na gazeti lake.

Walifika sita. Mshenga, mama wa kijana, mashangazi wawili, kijana mwenyewe amevaa koti ambalo mikono ilimfika viwikoni, na nyanya yake. Nyanya alikuwa mtu mdogo sana, amejifunga leso mbili, na ndiye aliyepewa kiti kinachotazama meza. Nikaingia na maji ya kunawa. Nikaona bakuli limegeuzwa. Ua moja la pembeni lilikuwa limeletwa mbele kabisa, limesimama wima kama askari, karibu na mkono wa nyanya. Nikafikiri shangazi amerekebisha. Nikafurahi hata, kwamba amejali.

"Haya maua ni nani aliyapanga?" nyanya akauliza.

"Ni huyu huyu msichana," shangazi akasema. "Kila kitu ni yeye. Mimi sikugusa."

Sikugusa. Neno hilo ninalo mpaka leo.

"Una mkono, mjukuu wangu," nyanya akaniambia. "Mtu anayepanga ua hivi hatanivunjia chungu." Wote wakacheka. Kijana akanitazama, akashusha macho, masikio yamemwiva. Nyanya akanyoosha mkono akalichukua lile ua la mbele, akalileta puani.

Akashtuka. Kidoleni kulikuwa na tone la damu.

"Ua gani lina mfupa?" akasema, bado anacheka kidogo. Kisha akaligeuza. Akaikamata ncha ya waya kwa kucha mbili, akaivuta, ikatoka ndefu, na utepe wa kijani unaning'inia. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nimezika watoto wanne," akasema. Hakupaza sauti. "Kila mmoja nilimwekea shada. Waya hii naijua hata gizani."

Mume wa shangazi alikunja gazeti mara mbili, akalikunjua.

"Nyanya, ni maua ya dukani tu," nikasema. "Nilitoa waya zote, nilizi..."

"Nyamaza wewe!" shangazi akanikatiza. "Wageni wangu, nisameheni. Mimi nilimwambia maua. Sikujua mtoto ataenda kuchukua ya makaburini. Hata kumwelewa, simwelewi siku hizi."

Mshenga akasimama. Alikuwa mtu mpole, na maneno aliyasema kama yanamuuma. "Tulikuja kutafuta mke, tumekuta matanga. Tusilaumiane. Turudi nyumbani."

Karai la maji lilikuwa bado mikononi mwangu. Hawakunawa. Kimanga kilikuwa mlangoni kwenye sinia, kinatoa moshi, na walipita kando yake mmoja mmoja, na mashangazi wakainua nguo kama watu wanaovuka matope. Kijana alipita wa mwisho. Alisimama kidogo, na mimi nikangoja. Mama yake akaita kutoka nje. Akatoka.

Nilishusha mkebe pale pale. Nikaumimina mezani. Kumi na mbili.

"Shangazi, asubuhi zilikuwa kumi na tatu."

"Uliisahau moja ndani ya ua."

"Nilizihesabu mara mbili."

"Angalia huyu! Shule uliishia darasa la tatu, leo unahesabu kama karani." Akamgeukia mumewe. "Unamsikia? Eti anahesabu."

Mumewe akasema, "Basi, basi. Leteni hicho chakula kisiharibike." Na tukala sisi kile cha wageni. Mtoto wa mwisho, wa miaka mitatu, alikaa mapajani mwangu akala paja la kuku lililokuwa la nyanya.

Kijana nilimwona tena baada ya siku nne, stesheni. Hakununua. Nilimpeleka kando ya tangi la maji nikamweleza yote, mkebe, hesabu, bakuli lililogeuzwa. Nilifikiri ukweli ukishasemwa utafanya kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Sasa nikamwambie nyanya nini? Kwamba si wewe, ni shangazi yako aliyerudisha waya ya kaburi kwenye meza ya posa yako? Atauliza, nyumba hiyo wanarogana wenyewe kwa wenyewe, na wewe unataka kutuletea damu hiyo?"

"Lakini mimi sikufanya kitu!"

"Najua."

"Ukijua, si unioe?"

Akatazama ngazi yake. "Nyanya amekataa," akasema. "Na mimi ni mjukuu wake."

Nilielewa pale kwamba nilikuwa nimefungwa pande zote. Nikinyamaza, mimi ndiye msichana wa maua ya maiti. Nikisema, natoka kwenye nyumba ya wachawi. Shangazi hakuwa mchawi. Mchawi ningemwelewa. Alikuwa mtu mwenye biashara ya mahamri asiyejua kukanda unga. Na yule kijana, nilimlilia miaka miwili, lakini leo nasema: mwanamume mzima anayepanda nguzo za reli bila kamba, akamwogopa mtu wa kimo cha kiti. Alioa mwaka uliofuata, msichana wa Maungu. Habari ya maua ilipanda milima yote. Hakuna mshenga mwingine aliyebisha mlango wetu.

Waya kumi na mbili nilizirudisha dukani. Ile ya kumi na tatu nyanya aliitupa kizingitini, nami niliiokota. Mama wa duka aliponiuliza nilimwambia imepotea. Akasema, "Haya, mwanangu. Hiyo nimesamehe."

Mume wa shangazi aliishi na siri yake mpaka alipostaafu. Mchana mmoja tulikuwa barazani tunachambua pojo, mimi na yeye, na bila mtu kumuuliza akasema, "Siku ile ya wageni nilimwona akishusha mkebe."

Mikono yangu iliendelea kuchambua. "Na ulinyamaza, baba?"

"Ningesema nini? Ungeondoka, nyumba hii ingekula nini? Mshahara wangu uliujua."

Alisema kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Alikufa baadaye, na shada lake nilienda kuliagiza mimi.

Kisha shangazi akaanguka jikoni, siku ya kwanza aliyojaribu kukanda unga mwenyewe nikiwa na homa. Tangu hapo namlisha, namwosha, namgeuza. Wanawe wa kiume wako Nairobi, wanaandika barua. Yule msichana wa mwisho tulibaki naye. Mahamri tunakaanga pamoja, na yeye ndiye mwenye mkono sasa, maana vidole vyangu vimeanza kukakamaa. Hapo ndipo nilipoanza maua ya Jumamosi. Nilikuwa natoa waya mbele ya shangazi, polepole, nikizidondosha kwenye mkebe ule ule, moja, mbili, tatu, kwa sauti. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini masikio yalikuwa mazima. Alikuwa anafumba macho. Nilikuwa nangoja aseme.

Mwaka huu, baada ya mvua za kwanza, kijana wa Mbololo, mwingine kabisa, mwalimu, alituma mshenga kwa msichana wetu. Wakapanga Jumapili.

"Dada," msichana akaniambia, maana mimi huniita dada, "utanipangia maua? Kama yale ya siku zote. Nataka wakute kitu kizuri."

Hakuna aliyewahi kumwambia. Nikasema sawa.

Nataka niandike hili bila kujipendelea. Jumamosi ile usiku sikuwaza furaha yake. Niliwaza karai. Akienda, nani atakanda? Nani atanisaidia kumgeuza mama yake? Ile waya ya kumi na tatu ilikuwa kwenye sanduku langu, chini ya nguo, na nilijua iko kona gani. Nilijiona nikifikiri kama shangazi, neno kwa neno, na lilikuwa jambo rahisi sana. Lilinifaa kama kiatu changu mwenyewe.

Asubuhi nilikaa mezani na maua. Yalikuwa kumi na moja safari hii, mekundu. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake. Nikatoa waya zote, nikazitia kwenye mkebe, halafu nikaenda sandukuni nikaileta na ile yangu. Ilikuwa imeshika kutu. Nikamwekea mapajani.

Aliitazama. Machozi yakamtoka jicho moja, lile zima. Akasema, kwa ulimi ule wake wa kuvuta, "Ungeenda... ningebaki na nani?"

Miaka yote nilingoja neno, na neno lenyewe likawa hilo. Si nisamehe. Swali.

"Nimebaki, shangazi," nikamwambia. "Unaona nimebaki."

Nikachukua mkebe na ile waya yenye kutu, nikavipeleka mpaka kwa jirani, nikamwambia akae navyo mpaka jioni, asinipe hata nikimwomba. Akacheka, akafikiri ni mzaha. Kisha nikarudi, nikapangusa mchanga mezani, nikageuza bakuli ili ua zuri liwatazame wageni.

Walikuja watano. Nilipitisha maji, wakanawa. Nikaleta kimanga. Nilisimama mlangoni na taulo begani, na sikuondoka hapo mpaka nilipoona mama wa kijana amekata tonge, amelitia mdomoni, amemeza. Msichana alinitazama kutoka upande wa pili wa chumba akatabasamu.

Anaondoka baada ya mavuno. Nimesema nafurahi, na wote wameniamini. Unga wa kesho nimeshaupima, na nitaukanda mwenyewe.